Soya Imesingiziwa

Mpelekee fundi wa umeme mjini Goma gari lililokataa kuwaka. Akifungua kapo na kukuta nyaya zimetafunwa, atakupa jibu kabla hujauliza: waya za magari ya siku hizi zimetengenezwa kwa soya, na panya anazila kwa sababu kwake ni chakula. Jibu hilo limeenea kutoka Birere hadi Lac Vert, na wapo madereva wa Nairobi na Dar es Salaam wanaolirudia kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa kiwandani. Makala hii inasema jibu hilo si kweli, na kwamba hasara yake ni kubwa kuliko uongo wa kawaida. Linamwondolea lawama mwenye gari, linampunguzia fundi kazi ya kufikiri, linaisamehe ofisi ya meya deni lake la takataka, kisha lawama yote linaibebesha kampuni iliyoko Japani ambayo haitatujibu kamwe. Panya wa Lac Vert hana habari na soya iliyomo kwenye waya. Anatafuta pa kulala karibu na pa kula, na mahali hapo tumemwandalia sisi wenyewe.

Tuanze kwa haki, maana uvumi huu haukuzuka hewani. Mwaka 2016 nchini Marekani wenye magari walifungua mashtaka California dhidi ya Toyota, na wengine dhidi ya Honda. Walidai kwamba nyaya za magari yao zimevikwa plastiki yenye soya, kwamba panya na kindi huvutwa nayo, na kwamba kampuni zimekataa kulipia matengenezo. Toyota ilijibu kuwa panya hutafuna nyaya za magari ya kila kampuni, na kwamba haijaona ushahidi wa kisayansi unaoonyesha soya ndiyo inayowavuta. Honda nayo huuza utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa kile kiini kinachoipa pilipili ukali wake, na wapo wanaouonyesha utepe huo kama ungamo la mkosaji. Lakini muuza kufuli hajakiri kwamba ndiye aliyemleta mwizi. Utepe unathibitisha kwamba panya wanatafuna nyaya, jambo ambalo hakuna anayelibisha, na mashtaka yanathibitisha kwamba watu walishtaki. Kutoka hapo habari ilisafiri bila mahakama yake na bila majibu ya upande wa pili, na ilipotufikia ilikuwa imebaki sentensi moja tu: waya ni soya.

Sasa tuiangalie plastiki yenyewe. Nyaya nyingi za gari huvikwa PVC, ndugu wa ile ya mabomba ya maji ila imelainishwa ipate kupindika, au polietilini iliyoimarishwa ili istahimili joto la injini. Ni kweli mafuta ya soya yaliyobadilishwa kikemia hutiwa kwenye PVC. Yametiwa humo tangu katikati ya karne iliyopita, kuisaidia plastiki isiharibike upesi kwa joto, na yamo hata katika ule mpira laini ulio ndani ya vifuniko vya chupa za jemu. Kama harufu yake ingetosha kumwita panya, balaa hili lingekuwa na umri wa miaka 70, na vifuniko vya jemu vingekuwa vimekwisha zamani. Tena panya anayetaka soya pale Goma hana haja ya kuparamia injini yenye grisi. Soya kavu inauzwa sokoni Virunga na Alanine, na unga wake uko majikoni kwa ajili ya uji wa watoto. Mnyama mwenye pua kali kiasi kile haachi gunia la soya halisi akaenda kutafuta chembe iliyogeuzwa na kuzikwa ndani ya plastiki.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji maabara, na uko chini ya kapo ya gari lolote lililoharibiwa. Chukua tochi uangalie chini ya pale waya ulipokatwa, juu ya kinga ya injini au kwenye pembe za chasisi. Mara nyingi utakuta vipande vidogo vya plastiki, vyekundu, vya njano, vya buluu, vimetapakaa palepale, na ukisogeza mwanga utaona alama za meno zilizokaa mbili mbili. Shaba imebaki wazi inang'aa. Plastiki imemenywa ikatemwa, na anayetafuta chakula hakitemi. Panya hutafuna kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya chini yangerefuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kama hayangelika. Upande wa mbele yamevikwa enameli yenye madini ya chuma, ndiyo maana yana rangi ya manjano, na ndiyo maana yanashinda vitu ambavyo hatuvitegemei. Kwa meno hayo panya wametoboa mabomba ya maji ya madini ya risasi, na wanyama wa jamii yao wakachana nyaya za simu zilizovikwa madini hayohayo, zamani kabla mtu hajafikiria kuitaja soya. Risasi haina utamu na ni sumu. Machi 2013, katika kituo cha nyuklia cha Fukushima kilichokuwa kimeharibiwa na tsunami, umeme wa kupoza madimbwi ya fueli ulikatika, na katika uchunguzi akakutwa panya aliyekufa kwenye kabati la swichi. Kampuni za simu huzungushia bati la chuma nyaya zao za faiba kwa hofu hiyohiyo. Kwa hiyo swali la nini kimo ndani ya waya halitufikishi mbali. Waya una unene unaoenea vizuri mdomoni, umetulia, na umekatiza pale panya anapotaka kupita au kuweka kiota. Hizo ni sababu za kutosha.

Tazama pia magari tuliyo nayo. Mengi ya Goma yalitumika kwanza Japani, yakapita Dubai, Mombasa au Dar es Salaam, ndipo yakafika kwetu. Toyota Noah za kizazi cha kwanza zilianza kutoka kiwandani mwaka 1996, miaka 20 kabla ya mashtaka ya California. Anayesema "waya za siku hizi" pengine amekaa ndani ya gari linalomzidi umri sentineli anayelilinda. Na hata tukikubali kwa ubishi tu kwamba kiwanda ndicho chenye kosa, ungemshtaki nani? Gari limepita mikono mitatu, dhamana yake ilikufa likiwa bado Nagoya, na bima ya lazima tunayoikata inamlinda mtu utakayemgonga, wala haina habari na panya. Nadharia ya soya ingekuwa na faida ndogo kwa Mmarekani mwenye gari jipya na wakili. Kwa mtu wa Lac Vert haina faida hata ikiwa kweli.

Lac Vert ni mtaa wa magharibi mwa mji, kwenye njia ya kwenda Sake, na umechukua jina la ziwa dogo la kijani lililomo ndani ya kreta, karibu kabisa na Ziwa Kivu. Chini ni mawe ya volkano. Nyumba nyingi ni za mbao, zimewekwa juu ya msingi wa mawe hayohayo, na uzio wa parseli mara nyingi ni mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji. Ukuta wa namna hiyo ni mzuri kwa macho na ni rahisi kwa mfuko, lakini kwa panya ni jengo la vyumba mia: kila pengo kati ya mawe linatosha, kwa sababu panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6, na yule mkubwa anayepanda mapaa hahitaji nafasi kubwa sana kuliko hiyo. Ongeza suala la shimo. Mahali pengine familia isiyozolewa takataka huchimba shimo nyuma ya nyumba, ikazika maganda na mifupa. Katika sehemu kubwa ya Goma sululu inagota kwenye mwamba kabla ya goti. Kwa hiyo maganda ya mihogo, mabua ya mahindi, vichwa vya sambaza na mabaki ya sombe hukaa juu ya ardhi, kwenye pembe ya parseli, yakingojea mtu wa kuyachukua ambaye hulipwa na wenye uwezo na haonekani kwa wasio nao. Gari nalo liko wapi? Liko kwenye pembe hiyohiyo. Kwa hofu ya wezi linaingizwa ndani usiku, likasukumwa hadi kwenye ukuta wa mawe, karibu na banda la kuku na magunia ya makaa. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Injini iliyozimwa jioni inabaki na joto kwa saa kadhaa, juu yake kuna paa la chuma, ndani kuna sufi ya kuzuia kelele inayochanika vizuri kuwa godoro. Panya ana chakula mita 3 kushoto, mwamba wenye matundu mita 1 nyuma, na kitanda chenye joto katikati. Nani anahitaji hadithi ya soya kueleza jambo hili?

Lipo jambo la pili, ambalo mafundi wenyewe wanalijua ila hawaliunganishi na lawama yao, nalo ni kulala kwa gari. Panya huogopa kitu kipya. Akikuta chombo asichokizoea katika njia yake atakizunguka siku kadhaa kabla ya kukigusa. Tabia hii imechunguzwa kwa muda mrefu, na ndiyo inayowashinda watega mitego wasio na subira. Gari linalotoka kila asubuhi na kurudi jioni, likasimama sentimita chache mbali na jana, halipati kuzoeleka kikamilifu, na ukiliwasha mtetemo wake unatosha kumfukuza aliyethubutu. Gari lililosimama wiki tatu limegeuka sehemu ya ukuta. Sasa kumbuka mji umepitia nini. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, mashirika yakapunguza au yakasimamisha kazi. Magari yaliyoponea kuporwa yakalala. Mwenye taksi asiyekuwa na abiria na mwenye jeep ya shirika asiyekuwa na safari wote wawili wakawa na gari linalongoja, na gari linalongoja chini ya ukuta wa mawe halihitaji miezi mingi kupata wapangaji. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, na watoto wake huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu au pungufu.

Mwezi uliofuata, Februari 2025, kambi za wakimbizi wa ndani upande huu wa mji ziliamriwa ziondoke, ikiwamo Bulengo, iliyokuwa ndani ya Lac Vert yenyewe na kuhifadhi maelfu kwa maelfu ya waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Nisieleweke vibaya. Mkimbizi hakuleta panya, na anayetaka kumtwisha mzigo huo atafute gazeti jingine. Panya walikuwapo mawe yalipopoa. Ninachosema ni hesabu ya kawaida: mahali palipokuwa na majiko mengi na akiba ya unga chini ya maturubai palikuwa na chakula cha panya, na watu wanapoondolewa ghafla chakula hicho hukatika ghafla. Panya haondoki na lori. Husambaa kwenye nyumba za jirani. Mei 2020, mikahawa ya Marekani ilipofungwa kwa sababu ya korona, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa iliwatahadharisha wananchi kwamba panya waliozoea mabaki ya mikahawa wangeanza kutanga na kuonekana wakali kuliko kawaida. Kanuni ni moja huko na huku. Ukitaka kujua panya atakuwa wapi kesho, uliza chakula kitakuwa wapi.

Atatokea msomaji makini aseme: kama takataka ndiyo sababu, mbona Ujerumani, ambako mapipa hufunikwa na kuzolewa kwa ratiba, magari hutafunwa vilevile? Ni pingamizi zuri, kwa sababu Ujerumani ina hesabu. Bima ya huko hulipia, na madai ya nyaya zilizotafunwa hupita 200,000 kwa mwaka. Lakini mtafunaji wa Ujerumani si panya. Ni mnyama mdogo mwindaji anayeitwa Marder, wa ukoo mmoja na kicheche wetu, na kila dume lina eneo lake. Dume hilo huacha harufu kwenye gari la mtaa wake. Gari likilala usiku mmoja mtaa mwingine, dume la pale linanusa adui ndani ya kapo na kuuma kila kinachoumika kwa hasira. Ndiyo maana madhara huzidi majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, wakati madume yanapogombea. Kule gari linalotembea ndilo linaloumia kuliko lililotulia, kinyume kabisa na letu. Mfano wa Ujerumani basi hauitetei soya hata kidogo. Unaonyesha kwamba mnyama mwingine, mwenye haja nyingine kabisa, huishia kwenye waya uleule, na kwamba ukitaka kuzuia hasara yakupasa kujua haja ya mnyama wako wewe. Kwa Mjerumani dawa ni kuosha injini ili harufu ya dume la kwanza iondoke. Kwa mtu wa Lac Vert dawa iko ndani ya parseli.

Wengine watasema mabishano haya ni anasa: panya awe amekuja kwa soya au kwa maganda, cha msingi ni kumuua. Hapa ndipo maelezo potofu yanapoanza kudhuru watu. Sumu ya panya inayouzwa mikononi barabarani huwekwa kwenye unga au kipande cha samaki, ikaachwa chini ya gari, mahali ambapo watoto huchezea na kuku hudonoa. Sumu nyingi za leo huzuia damu kuganda, na panya aliyekula huchukua siku kadhaa kufa, akitembea huku na huku, akiliwa na paka au mwewe, au akajifia ndani ya mfereji wa hewa wa gari, ambako utamnusa kwa wiki mbili bila kumwona. Kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Jirani yetu wa kaskazini, Ituri, ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako tauni bado huambukiza watu mara kwa mara. Tauni hubebwa na viroboto vya panya, na wataalamu wa afya huagiza kwamba mahali penye tauni viroboto viuawe kwanza kabla ya panya, kwa sababu panya akifa kiroboto hutafuta damu nyingine yenye joto. Goma si Ituri, lakini watu na magunia husafiri kati ya Bunia, Butembo na Goma, na kuua panya ovyo karibu na nyumba ni desturi mbaya kujizoesha.

Naftalini nayo hupendwa. Mipira yake myeupe huning'inizwa ndani ya kapo, na wengine huisambaza mpaka chini ya viti. Ndani ya kapo, ambako upepo hupita kutoka chini na juu, mvuke wake hutawanyika na panya anaendelea na shughuli zake. Ndani ya gari lililofungwa madirisha mvuke haupotei, na anayeuvuta ni mtoto aliyekaa nyuma. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu wa kurithi ulio wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa sababu ya naftalini. Vile vidude vya kutoa sauti isiyosikiwa na binadamu havistahili aya nzima: mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao kuhusu vifaa hivyo yanahitaji ushahidi wa kisayansi, na sauti hiyo kwa vyovyote haipenyi ukuta wa mawe. Paka, sikatai, ni rafiki. Ila watafiti waliotega kamera kwenye kituo cha kuchakata takataka Brooklyn, mjini New York, walihesabu panya 2 tu waliouawa na paka katika siku 79. Panya mkubwa ni adui mgumu, na paka mwenye akili huchagua panya mdogo, mjusi au vichwa vya sambaza vilevile ambavyo panya alikuwa akivifuata.

Pingamizi ambalo silidharau ni la mwenye gari anayesema: mimi ni mtu mmoja, mji hauzoi, uzio wa mawe siwezi kuubomoa, na kulala nje na gari siwezi kwa sababu ya wezi. Yote ni kweli. Ofisi ya meya ina wajibu wa usafi wa mji ambao parseli moja haiwezi kuubeba, na kelele za wananchi zingeelekezwa huko kuliko kiwandani Japani. Lakini panya wa mjini si msafiri. Maisha yake mengi hupita ndani ya mita makumi machache kutoka kwenye kiota, kwa hiyo parseli tatu au nne zinazopakana, zikikubaliana, zinabadilisha kabisa hali ya panya wake. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi ambayo wengi huijia kwa hofu ya faini, ingefanya kazi hiyo kwa nguvu zilezile zinazotumika kufagia vumbi la barabarani: kutoa lundo la maganda kwenye pembe, kutia maganda kwenye ndoo yenye kifuniko hadi siku ya kubebwa, kuziba mapengo ya chini ya uzio kwa saruji kidogo upande gari linaposimama, kuhamisha banda la kuku na gunia la pumba. Gari lenyewe lisimame mita moja au zaidi mbali na ukuta na miti, ili panya alazimike kuvuka uwazi, jambo asilolipenda. Likiwa halina safari, liwashwe na kusogezwa kila baada ya siku mbili tatu. Wenye magari wa Arizona, wanaosumbuliwa na panya wa jangwani, huacha kapo wazi usiku, maana kiota hutaka giza. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu asiyekuwa na betri ya kuibiwa. Lac Vert unahitaji sentineli asiyelala.

Wapo watakaoona kwamba kazi hiyo ni kubwa mno kwa waya mmoja. Si waya mmoja. Waya wa kipulizia mafuta ukikatwa, taa ya injini inawaka na gari linatetemeka. Waya wenye moto ukigusana na chuma, fyuzi inakatika ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo moto unashika ile sufi kavu ya kiota. Mrija wa petroli nao huwa haupo mbali na meno. Dereva anayepeleka wagonjwa kutoka upande wa Sake hawezi kuupokea uharibifu huo kwa utani, na fundi anayempa hadithi ya soya amemrudisha barabarani akiwa na hatari ileile.

Na fundi ndiye ninayemaliza naye, kwa sababu yeye ndiye mwenye tochi mkononi. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia soloteipu ni kazi ya nusu saa, na soya inatosha kuielezea. Kazi kamili inaanza kwa kuuliza gari linalala wapi, lilisimama siku ngapi, na kuna nini umbali wa hatua kumi kutoka lilipo. Kisha kiota kitolewe chote, kwa glavu na kwa kukilowesha kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, maana mavi ya panya yakikauka vumbi lake halifai kuvutwa. Mkojo ulioachwa juu ya nyaya na kwenye boksi la chujio ni ramani kwa panya anayefuata, kwa hiyo sehemu yote ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabla waya mpya haujaunganishwa. Kiungo kichomelewe kwa risasi na kufunikwa mrija unaojibana kwa moto, na rundo la nyaya lipitishwe ndani ya bomba gumu pale lilipokatwa. Asiyeosha anafunga waya mpya kwenye njia ileile yenye harufu ileile, na mwenye gari atalipa mara ya pili kabla ya mwezi kuisha.